Nchi ya Sahani Zilizofudikizwa

Msiniulize nilifikaje Ngojani, maana nikianza na habari za njia mtasinzia kabla sijaingia mjini. Nilifika, nikaoga, nikapewa chumba cha uani kwa mwanamke mmoja aitwaye Bi Somoe, na habari yangu inaanzia hapo. Mimi ni mtu wa mdomo. Kwetu wananijua hivyo, wala sijitetei. Nikiona jambo silielewi nauliza, na nikijibiwa ovyo nauliza tena. Basi oneni mkosi wangu, kwenda kuangukia katika nchi ambayo watu wake hawaulizi.

Jioni ya kwanza Bi Somoe alitandika mkeka, akaleta wali na mchuzi wa kunde. Akaweka sahani yangu, akaweka yake, kisha akaweka ya tatu kifudifudi, mgongo juu. Nikadhani amepitiwa. Nikanyoosha mkono ili niigeuze, naye akanishika kifundo, si kwa ukali, lakini alinishika kweli.

"Hiyo ni ya Shekuwe, mume wangu," akasema. "Yuko safarini."

"Safari ya wapi?"

"Amepelekwa vitani, huko nchi ya Sirangu. Kula, dada yangu, chakula kinapoa."

Nikala huku naitazama ile sahani. Baadaye, tulipokuwa tunaosha vyombo, alinieleza mila yao. Mtu wa nyumba akiwa safarini, mkewe au mamaye huifudikiza sahani yake, na kila wakati wa kula huwekwa mahali pake hivyo hivyo. Maadamu imelala kifudifudi, nyumba haigombani. Hakuna kudaiana, hakuna kulaumiana, hakuna kuulizana maswali ya kuumiza. Wazee wao walisema kwamba msafiri huijua njia ya nyumbani kwa utulivu wa nyumba yake, na kelele zikizidi, anapotea. Akirudi, huigeuza kwa mkono wake mwenyewe, akapakua, akala, na siku hiyo ndiyo watu huruhusiwa kumkumbusha kwamba hakumaliza kuezeka jiko.

Niliipenda mila hiyo, sitaki kusema uongo. Usiku ule nililala nikijiuliza kama kwetu yuko mtu aliyenifudikizia mimi. Nikawahesabu ndugu zangu mmoja mmoja, nikaona afadhali nisiendelee.

Lakini mila nzuri ikiingia mikononi mwa serikali, subiri uone. Kiongozi wa Ngojani huitwa Baba Mwenye Nyumba, maana wanasema nchi ni nyumba moja. Kwetu mwenye nyumba ni yule anayekuja kudai kodi, nikacheka niliposikia, nikaona nacheka peke yangu. Baba Mwenye Nyumba ana mawaziri wake, na mkubwa wao ni Waziri wa Sababu, mzee mmoja mnadhifu sana aitwaye Mzamilu. Kazi yake ni kutafuta sababu za mambo ambayo serikali imekwisha kuyaamua. Wana ofisi nzima ya kazi hiyo, yenye bustani mbele.

Zamani, kila mwaka, Ngojani ilikuwa na Siku ya Kuuliza. Siku hiyo raia yeyote huingia Baraza Kuu, akauliza swali lake, na Baba Mwenye Nyumba ni lazima ajibu kwa kinywa chake. Akishindwa, anatoka kitini. Sheria hiyo haijafutwa mpaka leo. Hakuna aliyethubutu kuifuta, maana watu wanaienzi kuliko bendera.

Sasa, kabla ya vita, mto uliopita katikati ya mji ulikuwa umegeuzwa. Watu waliamka wakakuta mchanga na vyura waliokauka. Maji yalikuwa yameelekezwa kwenye mashamba ya mpunga ya Baba Mwenye Nyumba na shemeji zake, kule nyuma ya vilima. Mji mzima ulilijua hilo, na mji mzima ulikuwa unaingoja Siku ya Kuuliza. Aliyechaguliwa kuuliza alikuwa Shekuwe, mume wa Bi Somoe, mchonga milango, kwa kuwa ana sauti nene na haogopi kutazamwa.

"Alikuwa analifanyia mazoezi swali lake chooni," Bi Somoe akaniambia, akacheka, kisha cheko likakatika. "Mto wetu uko wapi. Maneno hayo tu. Anayasema, anakohoa, anayasema tena."

Siku ya Kuuliza ilipokaribia, vita vikatangazwa. Watu wa Ngojani hawakuwa wamewahi kusikia jina la Sirangu. Waliambiwa ni nchi ya mbali, yenye watu wabaya, na kwamba kila nyumba itoe mtu mmoja. Wa kwanza kuchukuliwa walikuwa wenye sauti. Kila nyumba ikafudikiza sahani, na nyumba yenye sahani iliyofudikizwa haiulizi. Siku ya Kuuliza ikafika, milango ya Baraza Kuu ikafunguliwa kama sheria inavyotaka, Baba Mwenye Nyumba akakaa kitini kuanzia asubuhi mpaka machweo akingoja maswali, na hakuna aliyeingia. Akatoka nje akawashukuru watu kwa kuridhika kwao.

Tangu hapo kila mwaka siku hiyo ikikaribia, hupelekwa askari wengine na wa kwanza hawarudishwi. Nikamuuliza Bi Somoe kama hakuna aliyekufa huko. Akaniambia neno kufa halitumiki kwa mtu wa vitani. Asiyeleta habari husemwa amechelewa. Angekufa, sahani yake ingepaswa kugeuzwa mdomo juu, na nyumba yake ingepata tena haki ya kuuliza. Kwa hiyo hafi. Jirani yake, Bi Mashavu, mjane mwenye mtoto mmoja tu, alikuwa ameletewa habari rasmi kwamba mwanawe Bushiri amechelewa sana.

"Sana maana yake nini?" nikauliza.

"Dada yangu, wewe una maswali," Bi Somoe akasema, akaingia ndani.

Nilikaa kwake muda mrefu kuliko nilivyokusudia, na nikamwona jinsi anavyoishi. Yeye anapenda pilipili, lakini hatii pilipili chakulani kwa sababu Shekuwe hawezi kuila, na huenda akatokea wakati wowote. Mlango wa mbele una upande mmoja tu. Wa pili ameuegemeza ukutani, nusu umechongwa maua, nusu ni mbao tupu, na ukimwambia amwite fundi mwingine amalizie atakununia siku nzima. Siku moja tulikuwa tunachambua mchele, akaacha, akaushika ungo bila kuupeta.

"Namtamani," akasema. "Sisemi namkumbuka, kila mtu anakumbuka. Namtamani hata kukoroma kwake. Nilikuwa nampiga kiwiko usiku anyamaze, na sasa nalala macho nikiusikiliza ukimya. Laiti ningejua yu hai, ningengoja mpaka nizeeke. Laiti ningejua amekufa, ningelia nikamaliza. Wamenining'iniza katikati, wala siwezi kuwauliza kwa sababu ya sahani niliyoifudikiza kwa mkono wangu."

Mgeni huruhusiwa kuingia Baraza Kuu kusikiliza, kwa kuwa wanaamini mgeni hana swali. Mimi nikaenda, nikabana mdomo wangu. Siku hiyo niliwakuta wakubwa wamefadhaika kama watu waliopata tanzia. Nikamgusa karani aliyekaa karibu yangu nikamuuliza kuna nini. Akaninong'oneza, "Tumeshinda."

Ilikuwa hivi. Mkuu wa majeshi ameleta habari kwamba mfalme wa Sirangu amesalimu amri. Tena amesalimu siku nyingi, ila mjumbe alizuiwa mpakani mara kadhaa kwa kukosa kibali. Askari wanauliza kama wafunge mizigo warudi nyumbani.

Waziri mmoja akasema kwa masikitiko, "Wakirudi wote kwa mpigo, kila sahani itageuzwa siku moja. Na Siku ya Kuuliza ni mwezi ujao."

Mwingine akapendekeza kwamba mfalme wa Sirangu aombwe asisalimu amri kwa sasa. Wakalijadili hilo kwa uzito, wakaona mfalme anaweza kukataa, maana hana adabu. Wa tatu akapendekeza kuwa Sirangu irudishiwe miji yake michache ili iwe na kitu cha kutetewa. Waziri wa Fedha akaliunga mkono, mradi miji yenye migodi isiguswe. Ndipo Baba Mwenye Nyumba akamgeukia Mzamilu.

"Waziri wa Sababu, tuliwaambia watu tunapigana kwa nini?"

Mzamilu akasimama, akarekebisha kofia yake. "Mtukufu Baba, mwanzoni tulisema Sirangu walitutukana. Baadaye tulisema wananyanyasana wenyewe kwa wenyewe, nasi tumekwenda kuwasuluhisha. Mwaka jana tulisema tunapigana ili wale waliochelewa wasiwe wamechelewa bure. Hiyo ya mwisho ndiyo iliyopokewa vizuri kuliko zote. Akina mama walilia."

"Na sasa?"

"Sasa, kwa idhini yako, ng'ambo ya Sirangu kuna nchi nyingine. Jina lake bado hatulijui vizuri, lakini iko mbali zaidi, na watu wake ni wachache. Kosa lao naweza kulipata kabla ya Ijumaa."

Wakapiga makofi. Sikuona hata mmoja wao aliyekuwa na uso wa mtu mbaya. Walikuwa wazee wenye staha, wanapishana mlangoni kwa heshima, mmoja ananipa pole kwa kukaa muda mrefu kwenye benchi gumu. Nikatoka nikaenda moja kwa moja kwa Bi Somoe, nikamwambia yote niliyoyasikia.

Hakulia. Alinitaka nirudie, nikarudia. Akauliza, "Walimtaja Shekuwe?" Nikasema hawakutaja mtu yeyote kwa jina, wala sijui kama yu hai. Akazungusha bangili yake mkononi.

"Kwa hiyo hawamzuii kule kwa ajili ya Sirangu," akasema. "Wanamzuia kwa ajili yangu, ili ninyamaze. Na mimi nimewanyamazia nikidhani namsaidia kupata njia."

Kesho yake mchana alipika wali wa nazi. Akaweka mkeka, akaweka sahani yangu na yake, akaichukua ile ya tatu kwa mikono miwili. Mila ya Ngojani ni kwamba aliyeifudikiza sahani anaweza kuigeuza mwenyewe kwa sababu moja tu, nayo ni kukiri kwamba msafiri amekufa. Akaigeuza. Ndani mlikuwa na vumbi kidogo, akalifuta kwa upindo wa kanga yake. Akaijaza chakula, akaisukuma mbele yangu, kwa kuwa sahani ya marehemu huliwa na mgeni.

"Kula, dada."

"Siwezi, Somoe."

"Usipokula haitimii. Kula, nakuomba."

Nikala. Nimekula vyakula vingi katika nchi za watu, na vingine nilivila kwa heshima tu, lakini sijapata kula tonge lililokataa kushuka kama lile. Yeye alinitazama mpaka nikamaliza, ndipo akaanguka kifudifudi mkekani akalia kwa sauti, na majirani wakaja.

Bi Mashavu alikuwa wa kwanza kuingia. Alipoona sahani iko mdomo juu, alisimama wima. "Umemuua mwanaume wa watu," akamwambia. "Nani kakuletea habari? Wangu amechelewa kuliko wako na bado namngoja, wewe umechoka tayari?"

"Sijachoka, mama."

"Umechoka. Mimi ya mwanangu siigusi mpaka aje aigeuze yeye." Akajifunika mtandio wake akaenda zake, na kuanzia siku hiyo akawa hapokei salamu ya Bi Somoe.

Siku ya Kuuliza ikafika. Baba Mwenye Nyumba akakaa kitini kama miaka yote, milango ikaachwa wazi kama miaka yote, na watu wakajaa uwanjani nje bila kusema neno. Wengine walikuja kutazama tu wale wakubwa wanavyopiga miayo. Bi Somoe akaingia amevaa kaniki ya ujane. Mlinzi akamuuliza kama nyumbani kwake kuna sahani iliyofudikizwa. Akasema hakuna. Mlinzi hakuwa amewahi kusikia jibu hilo, akampisha.

"Naitwa Somoe, mke wa Shekuwe mchonga milango. Nina swali kwa Baba Mwenye Nyumba. Mume wangu amekufa lini?"

Waliangaliana pale juu. Mzamilu akainuka haraka. "Bibi, mumeo hajafa. Hakuna aliyekufa. Mumeo amechelewa."

"Kama hajafa, yuko wapi?"

"Yuko kazini, kwa heshima ya nyumba yetu kubwa."

"Anafanya kazi gani, na Sirangu walisalimu amri siku nyingi?"

Minong'ono ikapita uwanjani mpaka kwenye barabara za nyuma. Mzamilu alikuwa hana sababu iliyokwisha kupikwa kwa swali lile. Bi Somoe akamtazama Baba Mwenye Nyumba, maana kwa sheria ndiye anayetakiwa kujibu kwa kinywa chake.

"Nakuomba neno moja tu, Baba. Ukisema amekufa, nitakuuliza amefia nini. Ukisema yu hai, mlete nyumbani. Nimemkosa mno. Chagua unalotaka, lakini nijibu."

Baba Mwenye Nyumba akasema anaumwa na kichwa. Akainuka, akakumbuka kwamba kuinuka bila kujibu ni kutoka kitini moja kwa moja, akakaa tena upesi. Mwisho akasema, kwa sauti ndogo, kwamba swali limepokelewa na litajibiwa mwaka ujao. Sheria haikumruhusu kufanya hivyo, lakini haikumkataza kwa maneno pia, na wazee wa sheria wakalishika hilo wakaanza kubishana. Kwa taarifa nilizonazo, wanabishana mpaka leo.

Ila wanawake waliokuwa uwanjani hawakungoja wazee wa sheria. Walikwenda makwao. Kila nilikopita jioni ile nilisikia vilio, nyumba hii, nyumba ile, na wageni wachache tuliokuwamo mjini tukawa tunaitwa huku na huku kula. Siku chache zikapita hivyo, mtaa mmoja baada ya mwingine, mpaka mji mzima, kwa maneno yao wenyewe, ukawa umefiwa, na mji uliofiwa una haki ya kuuliza. Wakaanza na mto.

Serikali ikapiga hesabu zake. Nilimsikia Mzamilu akilieleza Baraza kwa utulivu uleule kwamba vita hivi havina kazi tena, kwa kuwa vinakula pesa na watu hawanyamazi. Akapendekeza askari warudishwe, na sababu ikatolewa siku hiyohiyo kwamba Baba Mwenye Nyumba amewahurumia wake na akina mama. Wakapiga makofi.

Wakarudi. Walikuwa wachache kuliko waliokwenda, wamekonda, wanatembea pembeni mwa barabara kama watu wasiotaka kumsumbua mtu. Shekuwe alifika asubuhi, Bi Somoe akiwa anafagia kibaraza. Nilimtambua kwa vile alivyosimama kwanza kuutazama ule upande wa mlango alioacha nusu. Bi Somoe aliuacha ufagio ukaanguka.

Hakumkimbilia. Shekuwe ndiye aliyemsogelea, akaishika kaniki aliyojifunga mkewe, akaielewa. Uso wake ukabadilika.

"Umenifanyia matanga nikiwa hai," akasema.

"Ndiyo."

"Hukuweza kuningoja?"

"Ningekungoja, Shekuwe, usingerudi."

Shekuwe akaweka paji la uso wake begani mwa mkewe, na Bi Somoe akamshika kisogo. Mimi nikaingia uani, maana nina mdomo lakini si mpumbavu.

Niliporudi mbele, Bi Mashavu alikuwa amekuja. Alisimama chini ya kibaraza, hakumtazama Bi Somoe. Akamuuliza Shekuwe, "Baba, uliachana wapi na Bushiri wangu?"

Shekuwe angeweza kumpa lile neno lao la kuchelewa. Nililiona likimfika mdomoni. Akashuka kibarazani, akasimama mbele yake.

"Bushiri alikufa, mama. Ni mwaka wa kwanza tu, tulikuwa hatujamaliza kujenga kambi. Homa ilimpata. Nilimzika mimi mwenyewe, chini ya kilima, kichwa chake kinaelekea huku kwetu."

"Ulimfunika?"

"Nilimfunika kwa shuka langu."

Bi Mashavu akaitikia kwa kichwa polepole, kama mtu anayeelekezwa nyumba ya mtu. Bi Somoe akashuka amshike mkono, akamwambia, "Twende, mama, nikusaidie kuigeuza."

"La," Bi Mashavu akasema. "Nimemsikia, na namwamini. Lakini miaka yote hii nilimngoja kwa amri yao. Leo niacheni nimngoje kwa hiari yangu mwenyewe."

Akakaa kwenye ngazi ya kibaraza, uso wake barabarani. Bi Somoe akakaa karibu naye, na baada ya kitambo Bi Mashavu akamwachia nafasi zaidi.